Nusu ya Chumba

Tumpe alitaka giza, na saa nane ya mchana pale Ilula giza halipatikani kirahisi. Jua liliingia sebuleni kwa Anjela kwa kila upenyo: juu ya pazia, chini ya mlango, na kwenye matundu ya bati ambako misumari ilikuwa imeng'oka. Wakaanza kuliziba. Walitundika blanketi mbili dirishani, wakabandika nailoni nyeusi ya kufunikia miche ya nyanya mlangoni, na magunia matupu wakayasokomeza chini.

"Wifi, mimi nimezoea kuona watu wanapigwa picha juani," Anjela alisema akiwa juu ya kigoda. "Wewe umetoka Mbeya na basi la alfajiri uje utupige picha gizani. Si ungetuambia tufumbe macho tu, ukabaki na nauli yako?"

"Nauli nimeshalipa, wifi. Hebu shika hapo, panavuja."

Tumpe alikuwa mke wa mdogo wake Anjela. Kule Mbalizi alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti na za harusi, na hizo ndizo zilizomlisha. Lakini alikuwa na picha zake nyingine, ambazo hakuna bwana harusi angezilipia. Aliingia katika nyumba za watu, akaziba chumba kikawa cheusi ti, akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu na kuliacha jicho lake wazi. Kisha alimpa mwenye nyumba tochi ndogo, akamwambia asimame nyuma ya kamera aangaze chumba chake jinsi anavyokiona. Palipoguswa na tochi palitokea pichani. Pasipoguswa palibaki giza. Mjini Mbeya kulikuwa na watu wa maonyesho waliompa ukuta mzima wa kutundika picha hizo.

"Kwa hiyo unapiga picha ya chumba," Anjela alisema.

"Napiga picha ya chumba kilichomo ndani ya mtu."

"Haya. Mradi vitambaa vyangu vionekane."

Lea, binti wa Anjela aliyekuwa kidato cha pili, alianza. Aliipeleka tochi kila pembe mbiombio kama anayefukuza panya. Edmund, kitinda mimba, aliangaza redio tu, tena kwa muda mrefu. Anjela akaangaza kochi, kabati, na vitambaa alivyovidarizi kwa mkono wake, akavirudia ili watu wa Mbeya wavione vizuri. Ikabaki zamu ya Sosthenes, mume wake, dereva wa lori la nyanya.

"Mimi nina taa za gari," alisema Sosthenes. "Hii tochi ya kutafutia kuku nayo ni ya kunipa mimi?"

"Angaza chumba chote, shemeji. Usiache kitu."

"Nitaacha nini? Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali."

Kukawa giza. Walimsikia akipumua. Tochi ilikwenda taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliye kazini: mlango, kalenda, redio, meza. Kisha ikarudi ilikotoka. Anjela alikuwa amekaa kwenye kochi, shingo ameinyoosha na tabasamu ameliweka tayari, akisubiri mwanga umfikie. Haukumfikia.

"Tayari," alisema Sosthenes. "Hakuna kilichobaki."

Nje honi ikalia. Aroni, utingo wake, alikuwa akimwita waende kwa fundi. Sosthenes akatoka, nao wakabaki kutazama picha kwenye kioo cha kamera. Walipofika kwenye yake, Lea akaangua kicheko.

"Mama! Baba kakusahau! Na kochi lake kalisahau, na dirisha!"

Anjela naye akacheka. Mwanamke ambaye mumewe amekipitia chumba chote na tochi asimwone, hucheka kwanza. Kuumia huja baadaye. Ila Tumpe hakucheka. Aliivuta picha ikawa kubwa, akautazama mpaka wa mwanga. Ulikata katikati ya meza. Ua lililodariziwa kwenye kitambaa cha meza lilikuwa limepasuliwa nusu kwa nusu: upande wa kulia unang'aa, upande wa kushoto haupo.

"Betri ilikuwa inaisha," alisema Anjela.

Tumpe aliizima kamera.

Jioni walikula pamoja. Sosthenes alinawa, akasali sala fupi, akala kwa hamu huku akisimulia mambo ya fundi. Alipomaliza alisukuma sahani. Nusu ya ugali ilikuwa imebaki, na nusu ya dagaa. Edmund akaivuta bila kuambiwa.

"Unaona, wifi?" Anjela alisema kwa fahari. "Sisi tulilelewa hivyo. Baba hamalizi sahani, anamwachia kitinda mimba tonge la mwisho. Lakini huyu amezidi. Tangu alipougua kichwa wakati wa kuvuna mahindi, amekuwa na huruma mpaka naogopa. Kila siku anaacha nusu. Mtoto amenenepa, mwenyewe anakonda."

"Nani anakonda?" Sosthenes alicheka. "Nimeshiba mimi."

Tumpe alikuwa akiitazama sahani iliyokuwa mbele ya Edmund. Ugali haukuwa umemegwa huku na huku, kama wa mtu aliyeshiba. Ulikuwa umekatwa wima, kama ukuta. Na dagaa waliobaki walikuwa wote upande mmoja.

"Samahani, baba," Tumpe alimwambia Edmund. Aliichukua sahani, akaigeuza ili kilichokuwa kushoto kiwe kulia, akairudisha mbele ya Sosthenes.

Sosthenes akainamisha macho. Uso wake ukachangamka.

"Mama Lea, mmeniongezea saa ngapi?" alisema, akaanza kula.

Edmund alianza kulia kwa kunyang'anywa haki yake, na baba yake akamtazama kwa mshangao. Akala mpaka sahani ikawa tupu, kwa njaa ya mtu ambaye hajala vizuri tangu mavuno. Anjela aliitazama ile mikono ikienda na kurudi. *Ee Bwana*, alisema moyoni, na sala ikakatikia hapo, maana hakujua aombe nini.

Asubuhi jikoni, moshi ukiwa umetanda, mawifi wawili walizungumza kwa sauti ya chini. Sosthenes alikuwa bado amelala, kwa kuwa alasiri alipaswa kupeleka mzigo Mbeya.

"Baba yangu kule Tukuyu ilimpata hivyo hivyo," alisema Tumpe. "Kiharusi kidogo, cha kimyakimya. Hakikumlaza wala hakikumpinda mdomo. Kilimnyang'anya upande mmoja wa dunia, naye asijue kama amenyang'anywa."

"Usiniletee uchuro nyumbani kwangu."

"Wifi..."

"Kama haoni si atasema haoni? Mtu akipofuka anajua amepofuka."

"Macho yake ni mazima. Kichwa ndicho kimeacha kuuhesabu upande ule. Kwake yeye haupo, na kisichokuwepo mtu hawezi kusema hakioni. Hospitali wanasaidia, kuna mazoezi, baba alipata nafuu kiasi. Lakini kwanza ashuke kwenye gari."

Anjela alichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Alitaka kukasirika, lakini mambo yalikuwa yakimrudia moja baada ya jingine bila kualikwa. Jumapili ile Sosthenes alipokwenda kanisani amenyoa shavu moja, mpaka Mchungaji Liberatus akamtania mlangoni, "Vipi mzee, wembe ulikuwa wa kuazima?" Watu wakacheka, yeye akacheka nao bila kuelewa, na Anjela akatamani ardhi impokee. Halafu wale wazee wa kanisa waliomnung'unikia kwamba mumeo siku hizi ana majivuno, tunamsalimia anapita. Wote walikaa mabenchi ya kushoto.

"Lakini anaendesha," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imekwisha nguvu. "Anafika Mbeya, anarudi. Gari halina hata mkwaruzo."

"Hilo ndilo ninalokuuliza mimi," alisema Tumpe. "Anaendeshaje?"

Lori lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara kuu, na vijana walikuwa wakipandisha matenga ya nyanya. Aroni alikuwa juu akipokea. Alipomwona Anjela akashuka, akijifuta mikono kwenye suruali, akamsalimia kwa kilugha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Aroni, nataka unijibu kama unavyomjibu mama yako. Kaka yako anaonaje barabarani?"

Aroni alitazama huku na huku. Alikuwa kijana mwenye familia, mcheshi, asiyekosa la kusema. Leo alinong'ona.

"Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo kuna la kuambiwa."

"Mama, dereva anakaa kulia. Mimi nakaa kushoto. Basi mimi ndiye kushoto kwake. Tukishaondoka hapa siongei habari nyingine. Nasema, baiskeli. Nasema, mama na beseni. Nasema, sogea kulia kaka, sogea. Yeye anadhani nina woga, ananiita bibi kizee. Nimeacha kusinzia. Hata maji sinywi gari likitembea, nisije nikatazama chupa."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka kuumwa kichwa."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema kwa nani? Bosi akisikia atamwondoa kesho yake. Dereva mpya anakuja na utingo wake. Mke wangu amejifungua juzi, mama. Na wewe mwenyewe, Lea anasoma kwa kitu gani? Kwa hili gari."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimwingia kama mwiba. Lori lilikuwa la Mwanakhamisi, mfanyabiashara wa Mbeya, mama mkali asiyemchelewesha mtu mshahara na asiyevumilia mtu kumchelewesha. Ada, bati jipya, mbolea ya bustani, vyote vilitoka kwenye usukani ule.

"Aroni," alisema Anjela polepole. "Siku ukikohoa?"

"Nini, mama?"

"Siku ukishikwa na kikohozi. Nani atasema baiskeli?"

Aroni aliinamisha kichwa.

Basi la abiria lilikuwa limesimama mbele yao. Akina mama walikuwa wakilikimbilia na ndoo za nyanya na vitunguu vichwani, wakigombea madirisha, kwenye ukingo wa lami, upande wa kushoto. Anjela mwenyewe alikuwa mmoja wao siku nyingine. Na jioni, baada ya shule, Lea huvua sketi ya shule, huchukua ndoo yake na kukimbia pamoja nao. Anjela alisimama pale jua likimpiga utosini, akawatazama wenzake wakicheka na kutukanana kwa utani karibu kabisa na matairi, kisha akageuka kurudi nyumbani.

Alimkuta Sosthenes ameamka, amevaa shati la safari, anafunga kamba za viatu.

"Baba Lea, leo usiende."

"Umeota?"

"Huoni upande wa kushoto."

Sosthenes aliinua kichwa, akacheka. Kisha akaona kwamba mkewe hacheki, akaacha.

"Nani amekutuma? Wifi yako na kamera yake?"

"Hakuna aliyenituma. Sahani ya jana nani alikuongezea? Hakuna. Ndevu unanyoa upande mmoja. Watu wanakusalimia unawapita. Twende hospitali Iringa, wakupime, halafu..."

"Halafu nani apeleke mzigo? Wewe?" Alisimama. "Mimi nilishika usukani ukiwa bado unabebwa mgongoni! Hii nini?" Aligonga kalenda. "Hii nini?" Akagonga redio. "Kipofu anajua redio ilipo? Wanaume wa Ilula wakisikia nimekatazwa gari na mke wangu, watanivalisha kitenge nikauze nyanya na nyie."

"Bora kitenge kuliko sanda ya mtoto wa mtu."

Lile neno lilimtoka kabla hajalipima. Sosthenes alimtazama kama asiyemfahamu. Hapo Tumpe akaingia, akihema, mkononi ana karatasi kubwa aliyotoka kuichapisha steshenari. Alikuwa amesikia kutoka uani.

"Shemeji, nisamehe. Usimsikilize yeye, wala mimi usinisikilize. Tazama kazi ya mkono wako mwenyewe."

Sosthenes aliichukua ile picha kwa mikono miwili. Kwa muda aliona matumaini: karatasi haina wivu, haina majungu, mtu hawezi kugombana nayo.

Uso wa Sosthenes ukalainika.

"Sasa hii mnaililia nini?" alisema. "Si nzuri? Imejaa. Mwanga tele. Mlango huu, kalenda hii, redio, meza. Kila kitu kipo."

Wanawake wawili walitazamana. Nusu nzima ya ile karatasi ilikuwa nyeusi kama makalio ya sufuria. Sosthenes alikuwa amelishika lile giza kwa mkono wake wa kushoto, vidole vimezama ndani yake, na hakujua kama ameshika kitu.

Hofu aliyokuwa nayo Anjela tangu jana ilikuwa hofu ya mtu aliye mbali na moto. Sasa aliusikia ukimchoma. Maana kama mtu haoni, utamwonyesha kwa kitu gani? Shahidi pekee waliyekuwa naye, lile giza la pichani, alikuwa amesimama upande ule ule ambao kwa mumewe haupo. Alifumba macho. *Baba, mimi sina maneno. Nipe hata moja.* Hakupewa neno. Aliona tu mkono wa Tumpe jana jioni, ukigeuza sahani.

Akaichukua karatasi, akaigeuza juu chini, akamrudishia.

"Na hii?"

Sosthenes aliisogeza karibu na macho. Tabasamu likaondoka.

"Hii nyeusi ni ya nini? Wino umewamwagikia?"

"Ni ile ile."

"Anjela, usinifanye mtoto."

"Ni ile ile, Baba Lea. Igeuze mwenyewe."

Aliigeuza. Redio, meza, kalenda. Aliigeuza tena. Giza. Alifanya hivyo mara nyingi, polepole, kama mtu anayejaribu swichi ya taa katika nyumba ya ugenini. Kila alipogeuza alitazama vidole vyake, kuhakikisha kwamba karatasi haijabadilishwa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, kwenye ile nusu ya masharubu aliyokuwa ameisahau wembe ukipita.

"Ni kiini macho," alisema, lakini alisema kwa kunong'ona.

"Shemeji, kwenye hiki chumba kochi liko wapi?" aliuliza Tumpe taratibu.

"Kochi liko..." Alikuwa amelinunua mwenyewe, alilibeba mwenyewe kutoka Iringa. Midomo yake iliendelea kutafuta. "Liko hapa ndani," alisema mwishowe.

Alikaa kwenye kiti. Anjela alidhani sasa atalia, au atapiga mtu. Badala yake akainua kichwa ghafla, na macho yake yalikuwa yamemtoka.

"Niitie Aroni."

Aroni alikuja, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Safari iliyopita," alisema Sosthenes, "tunaingia Mbalizi. Nilisikia kishindo. Nikakuuliza, ukasema tumekanyaga jiwe. Aroni, lile jiwe."

Aroni alimtazama Anjela.

"Usimtazame huyo. Nitazame mimi."

"Halikuwa jiwe, kaka."

Nje vijana walikuwa wakiimba huku wakifunga turubai.

"Lilikuwa beseni la parachichi. Ilikuwa upesi mno, neno halikunitoka. Mama mwenyewe alikuwa ameliacha beseni ukingoni, amerudi nyuma hatua chache amfunge mtoto mgongoni. Ndicho kilichowaponya. Wakati wa kurudi nilishuka nikijidai naenda kujisaidia, nikamlipa hasara yake. Alinishukuru, kaka. Alidhani kosa ni lake."

"Mtoto," alisema Sosthenes.

"Wazima wote wawili."

"Nilikuwa napiga mluzi," alisema Sosthenes. "Nakumbuka. Nilisikia kishindo, ukasema jiwe, nikaendelea kupiga mluzi."

Aliusikia ule mluzi peke yake, na karatasi ikamwanguka. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akasimama, kwa kuwa hakuwahi kuongea na mwajiri wake akiwa ameketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshafika wapi?" Sauti ya Mwanakhamisi ilisikika chumba kizima.

"Sijaondoka. Mama, utafute dereva mwingine."

"Sosthenes, usinitanie. Wateja wananisubiri, nyanya ziko juu ya gari. Unaumwa?"

"Sisikii maumivu popote."

"Umepata kazi kwingine? Nani amekuzidishia? Sema."

"Hakuna, mama. Hakuna aliyenizidishia." Miaka yote aliyokaa naye, Anjela alishamsikia akisema amechoka, amekasirika, hana pesa. Neno lililofuata hakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Naogopa."

"Unaogopa nini? Haloo?"

Sosthenes aligeuka amtafute mkewe amsaidie kusema. Alitazama kulia. Akatazama kulia zaidi, mpaka shingo ikakataa.

"Mama Lea? Mbona umeondoka?"

Anjela alikuwa amesimama begani kwake, upande ule mwingine, karibu kiasi kwamba kitenge chake kiligusa shati la safari. Akazunguka nyuma ya mgongo wake, akatokea upande wa pili, akamwona mumewe anashtuka kama mtu aliyeona binadamu akitoka ukutani.

Sosthenes alikidaka kitenge cha mkewe kwa mkono uliokuwa na simu, vyote pamoja, akavikaza.

"Haloo?" simu iliita kutoka ndani ya kitambaa. "Sosthenes? Niambie, unaogopa nini?"